Penina Mlama na Elimu ya Uwanjani

Penina Muhando Mlama, mtunzi wa tamthiliya na profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizaliwa mwaka 1948 Berega, wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Tamthiliya zake zilitoka kwa jina la Penina Muhando. Maandishi ya kitaaluma ya miaka ya 1980 na kuendelea yanabeba jina la Mlama, na wapo wasomaji waliowajua wote wawili kwa muda mrefu bila kutambua kuwa ni mtu mmoja.

Berega iko Ukaguru. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS waliingia nchi hiyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wakaleta kanisa, shule na matibabu. Wakaguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, walikuwa na mafunzo yao tangu zamani: jando na unyago, hadithi za jioni, nyimbo za kazi, utani wa misibani. Misheni nyingi za Afrika Mashariki ziliziona ngoma za namna hiyo kuwa ushenzi na kuwakataza waumini wasizicheze. Aliyekulia karibu na misheni miaka ya 1950 alijua mapema kwamba elimu ni za aina mbili, na kwamba ni moja tu inayotolewa cheti. Kazi ya Mlama, ukiitazama yote kwa pamoja, ni jitihada ya kuirudishia hadhi ile isiyo na cheti: kuichunguza inavyofundisha, kisha kuijaribu pale darasa liliposhindwa.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mchezo wa kuigiza shuleni ulikuwa zaidi mchezo wa Kiingereza. Wazungu wa Dar es Salaam walikuwa na ukumbi wao wa Little Theatre, na wanafunzi wa sekondari waliigiza Shakespeare au vichekesho vifupi vilivyotungwa Uingereza. Nje ya shule kulikuwa na vichekesho vya Kiswahili, taarab, beni na ngoma za kila kabila, ila hakuna ofisa wa elimu aliyeviweka kwenye ratiba. Desemba 1962 Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kuapishwa urais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akiwasikitikia wasomi waliojua dansi za Kizungu wasijue ngoma za kwao. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa. Kikafuata cha sarakasi, ambacho vijana wake walipelekwa China kujifunza, na mwaka 1974 cha maigizo. Vikundi hivyo vilifanya kazi kubwa ya kuitangaza nchi. Lakini ngoma iliyokuwa ikikesha kijijini ilikatwa ikawa ya dakika chache za kumlaki mgeni uwanja wa ndege, na mafunzo yaliyokuwamo ndani yake hayakusafiri nayo.

Sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa chuo kikuu mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilijitegemea mwaka 1970. Idara ilikuwa ndogo, lakini waliopita humo ndio waliojenga jukwaa la Kiswahili la nusu karne iliyofuata: Ebrahim Hussein, ambaye Kinjeketile yake ilitoka mwaka 1969, Godwin Kaduma, Amandina Lihamba, Edwin Semzaba, na mwalimu kutoka Afrika Kusini, Robert Leshoai. Mlama alichukua hapo shahada ya elimu na sanaa za maonyesho, kisha akabaki kufundisha. Ule mchanganyiko wa masomo mawili ni wa kuangaliwa. Hakuja kwenye elimu baada ya kuchoshwa na jukwaa, wala hakuokota jukwaa baada ya kuchoshwa na darasa. Alianza navyo vyote viwili.

Uandishi wake wa kwanza ulikuja kwa kasi. Hatia ilitoka Nairobi mwaka 1972, ikafuatwa na Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975 na Talaka si Mke Wangu mwaka 1976. Wahusika ni watu wa kawaida na matatizo ni ya nyumbani: mimba isiyotarajiwa na nani wa kubebeshwa lawama, elimu na kazi, ndoa inayovunjika na watoto wanaobaki katikati. Hatia hasa ilipata wasomaji wengi. Kiufundi bado ni tamthiliya za maonyesho na vitendo kwa mtindo uliofundishwa shuleni, na Mlama mwenyewe hakukaa sana na mtindo huo.

Mwaka 1976 yeye na mwenzake Ndyanao Balisidya, mwandishi wa riwaya ya Shida, walitoa kitabu kilichochapwa na Tanzania Publishing House, Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Ni kitabu chembamba, na pengine ndicho kilichoathiri zaidi ufundishaji wa fasihi nchini kuliko chochote kingine alichoandika. Miaka sita kabla, Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alikuwa amesitasita kukubali kwamba Waafrika wana drama ya kwao. Alikiri kuwa kuna uigizaji ndani ya ngoma na matambiko, ila alikosa mkusanyiko wa mambo ambayo Mzungu huyataraji anapokata tiketi: maneno yaliyotungwa, wahusika, hadithi yenye mgogoro, mavazi, watazamaji walioketi. Kwa kipimo hicho Afrika ilionekana kuwa na vipandevipande tu.

Muhando na Balisidya walikibadili kipimo chenyewe. Waliuliza ni mambo gani yakikosekana maonyesho hayapo, wakabakiza manne: kuwe na dhana inayotendwa, kuwe na mtendaji, kuwe na uwanja wa kutendea, na kuwe na watazamaji, yote yakutane kwa wakati mmoja. Hati iliyoandikwa haimo, wala pazia, wala ukumbi. Kwa hesabu hiyo tambiko la mvua ni sanaa ya maonyesho, jando na unyago ni sanaa za maonyesho, majigambo ya Wahaya ni sanaa za maonyesho, na mchezo wa Shakespeare nao unaingia kama ndugu mmoja miongoni mwa wengi. Wapo waliolalamika kwamba kipimo hiki ni kipana mno, kwamba ukikifuata hata mkutano wa hadhara utaitwa maonyesho. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini lawama ya upana haikuizuia fasili hiyo kuingia katika vitabu vya kiada vya fasihi simulizi vya Tanzania na Kenya, na imebaki humo.

Baada ya fasili, Mlama alirudi Ukaguru. Mwaka 1981 jarida la Marekani la taaluma za maonyesho lilichapa makala yake kuhusu digubi, na mwaka 1983 akamaliza shahada ya uzamivu Dar es Salaam kwa tasnifu iliyoichunguza sanaa ya jadi ya maonyesho kama taasisi ya kufundishia, mfano wake ukiwa ni Wakaguru.

Digubi ni ngoma ya wanawake inayomhusu binti aliyevunja ungo. Binti hutengwa ndani, akawa chini ya uangalizi wa wanawake wakubwa, na kipindi hicho hufundishwa usafi, uzazi, heshima kwa wakwe, kazi za nyumba na namna ya kuishi na mume. Mafunzo hayatolewi kwa kuhutubiwa. Yanaimbwa kwa mafumbo, yanachezwa kwa mwili, yanaigizwa, na mwali hutakiwa aelewe wimbo unasema nini chini ya kile unachosema juu. Asiyeelewa hurudiwa mpaka aelewe. Siku ya kutoka, jamii nzima hukusanyika kuona kama mafunzo yameingia, kwa hiyo onyesho ni sherehe na mtihani kwa pamoja.

Mtafiti mwingine angeishia kurekodi nyimbo na mavazi. Mlama aliuliza maswali ya mwalimu. Nani hufundisha? Anamjuaje aliyeelewa? Somo linarudiwaje bila kuchosha? Anayefundishwa ana nafasi gani ya kutenda? Majibu aliyoyakuta yalikuwa kinyume na darasa la ukoloni karibu kwa kila kipengele. Darasani mwanafunzi hukaa kimya akipokea. Katika ngoma hushiriki. Darasani mwalimu ni mmoja. Katika ngoma kila mwanamke mkubwa ni mwalimu. Darasani maarifa hutoka kwingine. Katika ngoma hutoka kwa watu watakaoishi na mwanafunzi baada ya mafunzo. Hakudai kwamba yote yanayofundishwa unyagoni ni mema. Baadhi ya mafunzo humpangia binti nafasi ya chini ya mume, na maandishi yake ya baadaye yalilikabili jambo hilo moja kwa moja. Alichotenganisha ni njia na ujumbe: njia yaweza kuwa nzuri na ujumbe ukahitaji kubadilishwa.

Wakati tasnifu ikiandikwa, hali ya sanaa nchini ilikuwa ikibadilika. Vikundi vya taifa vilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadhi ya wasanii wake wakawa walimu wa kwanza wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1981. Dar es Salaam walimu na wasanii wakaunda kikundi cha Paukwa. Uchumi ulikuwa umelemaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni, sukari na mafuta vilikuwa vya foleni, na karatasi ya kuchapia vitabu ikawa haipatikani kwa urahisi. Ni katika mazingira hayo ambapo walimu wa idara walianza kwenda vijijini na kazi iliyokuja kuitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo.

Hawakuwa wa kwanza Afrika. Wanafunzi wa Makerere walikuwa wakizunguka na michezo yao tangu miaka ya 1960. Botswana ilikuwa na kampeni ya Laedza Batanani tangu mwaka 1974, ambamo maofisa wa ugani walitunga mchezo kuhusu tatizo la eneo na kuuonyesha kwa wanakijiji ili wajadili. Kule Kamiriithu, Kenya, wakulima na wafanyakazi waliigiza mwaka 1977 mchezo wa Kigikuyu walioutengeneza pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii; serikali ikaupiga marufuku, ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini, na mwaka 1982 uwanja wao ukabomolewa. Nyuma ya mengi ya haya zilikuwapo fikra za Paulo Freire wa Brazil, aliyefundisha kwamba mnyonge huelimika anapoitaja hali yake kwa kinywa chake, wala si anapojazwa maneno ya mwingine.

Kijiji cha Malya katika mkoa wa Mwanza ndicho kilichokuwa mahali pa jaribio kubwa la kwanza la kundi la Dar es Salaam, mwaka 1982 na 1983, likiwahusisha Mlama, Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Baadaye zilifuata kazi za Bagamoyo, Msoga na Mkambalani, miongoni mwa nyingine. Utaratibu ulikuwa mrefu kuliko walivyozoea watu wa miradi. Siku za mwanzo hakuna kilichoigizwa. Wageni walikaa na watu, wakaongea nao shambani, visimani na kilabuni, wakauliza kijiji kinasumbuliwa na nini. Matatizo yaliyotajwa yakapelekwa kwenye mazungumzo ya makundi, yakachambuliwa mpaka chanzo chake, maana linalotajwa kwanza mara nyingi ni dalili. Huko Malya mazungumzo yaliangukia vijana: kukosa shughuli, na wasichana kupata mimba wangali shuleni. Ni hapo tu ndipo lilipokuja swali la sanaa: jambo hili lisemwe kwa ngoma ipi, kwa hadithi, kwa majigambo au kwa igizo? Wanakijiji waliamua wenyewe, kwa sababu wao ndio waliokuwa mafundi wa ngoma hizo. Walimu wa chuo kikuu hawakuwa na la kumfundisha Msukuma kuhusu kucheza ngoma. Mazoezi yakafanyika hadharani, kila mpita njia akitia neno. Onyesho likafuatwa na mjadala uwanjani hapohapo, na mjadala ukatakiwa uzae hatua: nani afanye nini, lini.

Mlama aliligusa hapa jambo ambalo wapangaji wa maendeleo walikuwa hawajaliona. Katika mkutano wa kijiji wanawake huketi upande wao na kunyamaza, na ofisa huandika kwamba wanawake walihudhuria. Wanawake haohao wakisimama kuimba, wao ndio viongozi. Wanatunga papo kwa papo, wanamtaja mwenyekiti kwa fumbo mbele ya uso wake, na mila inawalinda kwa sababu ni wimbo. Kwa hiyo anayetaka kujua wanawake wa kijiji wanafikiri nini hana haja ya kuwafundisha ujasiri wa kusema mkutanoni kwanza. Awaendee pale wanapokwisha kusema. Mwaka 1991 aliiandikia hoja hiyo makala nzima, na ni mojawapo ya maandishi yake yenye nguvu zaidi.

Tofauti aliyoisisitiza kati ya njia ya Malya na ile ya Botswana ilikuwa ni nani mtungaji. Mchezo unaotungwa na maofisa na kuletwa kijijini, hata uwe mzuri namna gani, bado ni hotuba iliyovaa mavazi. Watu watacheka, watapiga makofi, watarudi nyumbani. Njia ya Malya nayo ilikuwa na gharama zake. Ilichukua muda mrefu, ilihitaji walimu wanaoweza kuacha vipindi vyao, na ilitegemea uvumilivu wa viongozi. Tanzania haikuwa na Kamiriithu, lakini kiongozi wa kijiji aliyeigizwa akila fedha za ushirika hakufurahi kwa kuwa tu nchi ni ya kijamaa. Serikali iliyokuwa ikitangaza kwamba mamlaka ni ya watu ilipata tabu kuukataza uwanja ambao watu waliutumia kusema hivyo. Ilipata tabu vilevile kuyatimiza yaliyosemwa.

Tamthiliya zake za miaka hiyo zinaonyesha alichojifunza. Mwaka 1982, mbali na Harakati za Ukombozi aliyoiandika pamoja na Lihamba na Balisidya, ilitoka Nguzo Mama. Katika kijiji cha Patata, wanawake wameitwa kusimamisha nguzo. Wengi wao hawana majina ya kawaida. Ni Bi Moja, Bi Pili, mpaka Bi Nane, na Bi Msimulizi anawaongoza watazamaji kama fanani wa hadithi za jioni, akiingia na kutoka katika kisa. Kila mmoja anafika na shida yake: pombe ya kuuza, mume, urithi uliochukuliwa na ndugu wa marehemu. Nguzo haisimami. Wanavutana, wanatawanyika, wanarudi. Mwaka 1984 ikatoka Lina Ubani, ambamo hadithi ya dubwana inapita ndani ya kisa cha nchi iliyotoka vitani na kukuta shida nyumbani. Zote mbili zimejengwa juu ya ngano, wimbo na ushiriki wa hadhira. Hussein alikuwa ameifuata njia kama hiyo katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, ila kwa ushairi mgumu zaidi. Nguzo Mama inabaki kuwa kazi bora ya Mlama. Inawakosoa wanaume na mila bila kuwapamba wanawake, na kushindwa kwao kuisimamisha nguzo ni uamuzi ambao mtunzi mwenye kutafuta makofi asingeufanya.

Kitabu kilichokusanya uzoefu wa vijijini, Culture and Development, kilichapwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1991. Hoja yake ni kwamba mipango ya maendeleo barani Afrika imekwama kwa kuuona utamaduni kama kizuizi au kama burudani ya kufungulia semina, na kwamba watu waliozoea kufikiri kwa ngoma na hadithi hawawezi kushirikishwa kwa fomu na mikutano peke yake. Kwamba kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza ilhali tamthiliya zake ni za Kiswahili, si jambo alilolipita kimya. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameandika makala kuhusu ugumu wa mwandishi wa Afrika kutunga kwa lugha yake mwenyewe: wachapishaji wachache, soko dogo, wahakiki wa nje wasioisoma, na kwa upande wa pili uhakika wa kueleweka na watu unaowaandika. Kwa sanaa alikichagua Kiswahili, na kwa taaluma, mara nyingi, Kiingereza, kama walivyofanya karibu wote wa kizazi chake.

Miaka ya 1990 njia ya Malya iliingia shuleni. Lihamba na Mlama walianzisha mradi wa sanaa za maonyesho kwa watoto, ambamo walimu wa shule za msingi walifunzwa kuwaacha watoto watunge na waigize mambo yanayowahusu, na matamasha yakawakutanisha. Kisha mwaka 1996 ikaja TUSEME, katika shule za sekondari, kwa ajili ya wasichana.

Sababu ya TUSEME ilikuwa inaonekana katika daftari la mahudhurio. Wasichana waliingia kidato cha kwanza, wakapungua kadiri madarasa yalivyopanda, na waliobaki walifanya vibaya katika mitihani kuliko wavulana. Wataalamu walikuwa na maelezo mengi; wasichana wenyewe hawakuwa wameulizwa. Warsha ilianza kama ilivyoanza Malya, kwa mazungumzo. Wasichana walitaja kinachowarudisha nyuma: kazi za nyumbani zinazowamalizia jioni yote, walimu wanaowataka kimapenzi, kejeli za wavulana, umbali wa shule, kukosa mahitaji wakati wa hedhi, mimba na kufukuzwa. Baadaye waliyaigiza mbele ya shule nzima, walimu wakiwa wamekaa mbele.

Faida ya uigizaji hapa ni ya kivitendo kabisa. Mwanafunzi asiyethubutu kuingia ofisi ya mwalimu mkuu na kumtaja anayemsumbua, anaweza kulitenda jambo hilohilo akiwa mhusika mwenye jina lingine, na kila aliyeketi akajua ni la nani. Hakuna aliyeshtaki, lakini limesemwa hadharani na mjadala unafuata. Ni kinga ileile ya mwanamke wa kijijini aimbapo fumbo mbele ya mwenyekiti. Baada ya onyesho shule iliunda klabu ya TUSEME, yenye viongozi wake, ili mazungumzo yasife warsha inapofungwa.

FAWE, shirika la waelimishaji wanawake wa Afrika lililoanzishwa mwaka 1992 na kuwa na makao yake Nairobi, liliichukua TUSEME na kuisambaza katika nchi nyingi za bara hili, jina likibaki la Kiswahili hata mahali pasipozungumzwa Kiswahili. Mlama aliliongoza shirika hilo akiwa mkurugenzi mtendaji. Mwaka 2005, akishirikiana na wenzake akiwamo Herbert Makoye wa Dar es Salaam, alitoa mwongozo wa ufundishaji unaozingatia jinsia, uliotumika kuwafunza walimu Afrika nzima. Mwongozo huo umeandikwa kwa vitu vidogovidogo vya kila siku: mwalimu humwita nani kwanza, mifano ya hesabu humtaja nani akinunua na nani akipika, msichana hukaa wapi darasani, atafanya nini akichafuka siku ya hedhi. Baadaye aliongoza pia shirika la CAMFED upande wa Tanzania, linalosaidia wasichana wa familia maskini kusoma.

Suala la mimba za wanafunzi, lililomsumbua mtunzi na mwalimu huyu tangu Malya hadi TUSEME, lilikaa kama lilivyokuwa kwa muda mrefu. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa wasichana walioacha masomo kwa kujifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida.

Kati ya shughuli hizo zote Mlama alishika vyeo vingi chuoni, ukiwamo usimamizi wa juu wa taaluma, na akamfuata Profesa Issa Shivji katika Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika. Aliwahi pia kuwa mwenyekiti wa bodi ya Baraza la Sanaa la Taifa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipoanza, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yake.

Lawama kubwa dhidi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo imetoka ndani ya idara yenyewe. Wasomi wa kizazi kilichofuata, Vicensia Shule miongoni mwao, wameonyesha jinsi fedha za wafadhili zilivyoigeuza. Mfadhili huja na mada yake tayari, iwe ukimwi, malaria au uchaguzi. Kikundi hulipwa kutunga mchezo wa kuieleza mada hiyo. Ripoti huhesabu watazamaji. Mradi ukiisha na uigizaji umeisha. Ule uchunguzi wa awali, wa kuuliza kijiji kinasumbuliwa na nini, hukatwa kwa kuwa unakula muda na huenda ukatoa jibu lisilo na bajeti. Lawama hii ni ya haki, na inaipata hata miradi iliyozaliwa na mikono ya Mlama, maana nayo iliendeshwa kwa misaada. Lakini anayesoma maelezo ya Malya ataona kuwa kilichotokea ni kile alichoonya dhidi yake tangu mwanzo: maofisa kurudi kuwa watunzi.

Darasani hali ni ya ajabu kidogo. Zile sifa nne za mwaka 1976 hufundishwa na kutahiniwa katika somo la Kiswahili, na mwanafunzi huweza kuzitaja zote na kupata alama zake bila kusimama uwanjani hata mara moja, wala kuona tamthiliya aliyoisoma ikiigizwa. Nguzo Mama haihitaji jukwaa, taa wala mfadhili; inahitaji uwanja wa shule, nguzo moja na wanafunzi walio tayari. Mwalimu wa fasihi anaweza kuianza muhula huu.